Mwanakondoo wa Rangi ya Jivu Zizini kwa Irungu

Mwanakondoo huyu alizaliwa Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani. Hata hajajua kusimama vizuri, tayari alikuwa ameshamchongea mzee mzima wa kanisa.

Hakuongea, jamani. Rangi yake ndiyo iliongea.

Aliyenisimulia haya ni Shosho Nyathira, mama ya mama yangu. Alinisimulia akichambua mboga, na vile alivyokuwa akiyakata yale mashina ungedhani mambo yalitokea jana. Naandika alivyosema. Mkiona pilipili, ni yake, si yangu.

Haya, tuingie.

Mwaka ni 1959, Kapsoit, pale karibu na Kericho. Nyathira ana miaka ishirini na tisa, mjane, na anafanya kazi ya kupika chai na mandazi kwenye hoteli ya mzee anayeitwa Irungu.

Na ana hasira. Mnisikie vizuri, hasira aliyokuwa nayo huyo mama haikuwa ya kununa na kuinua mabega. Ilikuwa ya kuamka nayo, kuioga na kuivaa.

Miaka mitano nyuma alikuwa na maisha yake. Aliuza unga na maharagwe sokoni hapo hapo Kapsoit. Mumewe, Ephantus, alikuwa amekufa na kumwachia vitu viwili: binti mdogo wa miaka mitatu, Charity, na kondoo watano.

Wanne walikuwa wa kawaida tu, wekundu. Wa tano, mama yao, ndiye aliyekuwa kioja.

Alikuwa jike la rangi ya jivu, jivu kabisa la jikoni, na mgongoni alikuwa na mstari wa hudhurungi kutoka shingoni hadi mkiani. Ungesema kuna mtu alimmwagia chai ya maziwa. Hakukuwa na mwingine kama yeye huko kote. Ephantus alimpenda kuliko redio.

Basi 1954 mambo yakachafuka. Serikali ya mkoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari kwa sababu ya uasi wa Wakikuyu, na Wakikuyu waliokuwa wakiishi huko wakaanza kubebwa na malori kurudishwa kwao. Habari zikafika sokoni kwamba zamu ya Kapsoit inakaribia.

Nyathira, naye Mkikuyu, akachukua kondoo wake watano akawapeleka kwa jirani mwenyeji, Mkipsigis mmoja mkimya anayeitwa Kipkosgei.

"Niwekee," akamwambia. "Nikirudi nitakuja kuwachukua."

Kwa Wakipsigis, kuwekeana mifugo ni jambo zito. Ukiwekewa mnyama, si wako. Akizaa, mwenyewe aambiwe. Akifa, unachuna ngozi unamwekea mwenyewe, aione kwa macho yake ajue hukumwibia.

"Wende salama, mama," Kipkosgei akamjibu. "Hawa ni wako. Hata wewe ukae miaka ngapi, ni wako."

Wiki mbili baadaye malori yakafika.

Walikusanywa kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, ndani ya waya. Watu wengine wote walifukuzwa mbali, hadi kule barabarani. Ndani ya waya kulikuwa na wao, askari, na mtu mmoja ameketi kwenye kiti akiwa amevaa gunia kichwani, limetobolewa matundu mawili ya macho.

Ulikuwa unapitishwa mbele ya hilo gunia. Likitikisa kichwa, unasimama kando. Likikubali kwa kuinama, basi wewe ni mbaya, lori lako ni lile la kwanza, la watu wa kuhojiwa.

Nyathira alipopita na Charity mgongoni, gunia likainama.

Akapiga kelele. Askari akamvuta kwa nguvu, leso yake ya kichwa ikachomoka ikaanguka pale pale matopeni, leso ya kijani yenye maua meupe. Hakuruhusiwa kuiokota.

Huko walikopelekwa sitawaambia mengi, Shosho mwenyewe hakuwa anapenda kuyasema. Ila Charity alishikwa na kuhara, dawa ikakosekana, na siku ya nne akafa mikononi mwake.

Mimi naitwa Charity. Jina ni la yule mtoto; mama yangu alizaliwa baadaye.

Kwa hiyo mnaelewa. Miaka mitano Nyathira alikuwa akiuliza swali moja tu. Nani alikuwa ndani ya lile gunia?

Mwanzoni mwa 1959 akapata kibali cha kurudi, kwa sharti awe na mwajiri. Aliyejitokeza kumwandika kazi alikuwa Irungu. Irungu, ingawa Mkikuyu pia, hakuwa amebebwa na malori. Alikuwa na cheti cha uaminifu kwa serikali, hoteli, duka, na kiti cha mbele kanisani.

Siku ya kwanza tu, kabla hajaweka mzigo chini, Nyathira akauliza.

"Mzee, kondoo wangu wako kwa Kipkosgei bado?"

Irungu akashusha pumzi ndefu. "Binti yangu, kaa chini kwanza. Kondoo walichinjwa zamani. Na hilo si ndilo baya."

"Baya ni gani?"

"Unafikiri ni nani alivaa gunia? Alitaka wale kondoo. Angewapata vipi ukiwa hapa?"

Nyathira hakulia. Aliniambia alihisi kitu kimekaa mahali pake kifuani, kama mlango unapofungwa sawasawa. Sasa chuki yake ilikuwa na jina.

"Naenda kwake sasa hivi."

"Usithubutu," Irungu akamshika mkono. "Kibali chako kina tarehe. Ukigombana na mwenyeji hata kwa neno, chifu anakurudisha kesho. Nyamaza. Siku yako itakuja."

Akanyamaza. Kila akipita kwa Kipkosgei kwenda mtoni, mtu wa watu anainua mkono kumsalimu, "Chamgei, mama!" na yeye anageuza uso na kutema mate. Mke wa Kipkosgei, Rebeccah, alimwona mara nyingi akitema.

Siku ikaja kweli.

Wakati huo ndipo wakulima wadogo walikuwa wameanza kupewa miche ya chai. Si chai ya mzungu, chai yako, kwa shamba lako. Watu walikuwa wakiiota usiku na mchana. Aliyekuwa akiandika majina ni bwana shamba mmoja Mkisii, Atuti, na Atuti alipenda mandazi ya Nyathira sana.

Siku hiyo alifungua daftari lake mezani akawa anasoma majina kwa sauti. "Kipsang, sawa. Kipkosgei, huyu mteremko wake ni mzuri sana, huyu ni wa kwanza kabisa."

Irungu, aliyekuwa akipanga vikombe, akamtazama Nyathira. Alitazama tu.

"Kipkosgei?" Nyathira akasema, akimimina chai taratibu. "Huyo jirani yangu wa zamani? Ule upande wa chini ni kinamasi, bwana shamba. Mvua ikinyesha, maji yanatoka chini. Nilikaa hapo, najua."

"Ni kweli?"

"Weka miche yako hapo uone vile itaoza. Lakini mimi sijasema kitu. Usinitaje."

Atuti akakata jina. Hakwenda hata kuangalia.

Hakukuwa na kinamasi, jamani. Lile shamba lilikuwa kavu kabisa.

Wenzake walipopanda miche yao kwa nyimbo, Kipkosgei alisimama kwenye uzio wake akitazama. Nyathira alipita siku hiyo makusudi ili amwone. Aliniambia, na sitaficha, kwamba alirudi hotelini akala vizuri kwa mara ya kwanza tangu 1954.

Sasa turudi kwa mwanakondoo.

Irungu alikuwa na kundi dogo nyuma ya hoteli, kondoo saba. Alisema alinunua wazazi wao kule Fort Ternan, kwenye shamba la mzungu. Wote walikuwa wekundu, na majike wanne wakubwa walikuwa na sikio la kushoto lililokatwa nusu. Nyathira aliwahi kuuliza.

"Wazungu wa kule ndivyo wanavyowatia alama," Irungu akamjibu. Akaamini. Kwa nini asiamini?

Jumapili hiyo Nyathira hakuenda kanisani, alibaki kukanda unga. Akasikia kilio nyuma. Akatoka.

Jike moja jekundu, la sikio fupi, lilikuwa limezaa. Lilikuwa linamlamba mtoto.

Mtoto alikuwa wa rangi ya jivu. Kadiri mama yake alivyozidi kumlamba, ndivyo mstari ulivyozidi kuonekana mgongoni, wa hudhurungi, kutoka shingoni hadi mkiani.

Nyathira akakaa chini kwenye mavi ya kondoo na unga wake mikononi.

Rangi hiyo hakuna aliyekuwa nayo. Ilikuwa imejificha ndani ya wale wekundu, watoto wa lile jike la Ephantus, miaka yote hiyo, na sasa imechomoza kwa mjukuu. Akamshika yule jike sikio. Alama yake Nyathira ilikuwa mkato mdogo chini ya ncha, sikio la kushoto. Sasa akaelewa kwa nini ncha ziliondolewa.

Irungu hakuwahi kuliona lile jike la jivu. Angeliona, mwanakondoo huyu angekuwa supu kabla ya jioni.

Aliporudi kutoka kanisani alifurahi kabisa. "Angalia rangi! Hii ni baraka. Sijawahi kuona!"

Hapa sasa ndipo Shosho wangu alinitisha. Mtu mwingine angemrukia shingoni. Yeye alipangusa mikono, akatabasamu.

"Mzee, huyu si wa kukaa zizini. Jumapili ya mavuno ni baada ya wiki tatu. Mpeleke madhabahuni. Watu wa Kericho nzima wataongea juu yako."

"Unajua hujakosea?" Irungu akasema, na kifua kikamjaa.

Kesho yake Nyathira akaenda kwa Kipkosgei. Hakujua anakwenda kusema nini. Rebeccah alikuwa akikamua ng'ombe. Alipomwona hakuacha kukamua.

"Leo hutemi?"

"Mama Rebeccah, kondoo wangu walienda wapi?"

Rebeccah akasimamisha mikono. "Kwani hukupata? Si ulituma mtu?"

"Nilimtuma nani?"

Kipkosgei akatoka nyumbani, akawasikia. Alirudi ndani, wakamsikia akipanda darini, akashuka na mzigo umekaushwa na moshi wa miaka mitano. Akaufungua kwenye nyasi.

Ngozi. Ya jivu, na mstari wa chai mgongoni.

"Huyu alikufa mvua ya mwezi wa nne," Kipkosgei akasema. "Kabla yule mtu hajakuja. Nikakuwekea ngozi, uone. Wale wanne akachukua. Mimi nilikataa kwanza. Nikamwambia, mama mwenyewe aje. Akanipa kitu yako, akasema umetuma. Mimi nikaona kitu ya mtu ni kama yeye mwenyewe amekuja."

Ndani ya ile ngozi kulikuwa na leso ya kijani yenye maua meupe.

Nyathira hakuweza kuigusa. "Mtu gani?"

"Irungu wa hoteli. Sisi tulijua umepata kondoo yako. Tukasema, huyu mama amepata mali sasa hataki hata salamu yetu."

Nyathira alikuwa anahesabu kichwani, na hesabu ilikuwa fupi sana. Leso ilianguka ndani ya waya.

Kibali chake kilikuwa bado na tarehe. Akipiga kelele peke yake hotelini, angerudishwa kwa lori kama mgomvi. Ilibidi iwe mbele ya watu wote, na mbele ya Mungu.

"Jumapili ya mavuno," akamwambia Kipkosgei, "njoo kanisani. Njoo na ngozi."

Kwa wiki tatu alimpikia Irungu chai. Alimtilia sukari, akamfulia lile koti la kanisani, akamwosha mwanakondoo kwa sabuni. Nilimuuliza, "Shosho, ulikuwa unawezaje?" Akanijibu, "Nilikuwa nasubiri. Kusubiri ni rahisi ukijua mwisho."

Jumapili ikafika. Kanisa limejaa hadi dirishani. Mbele kuna mahindi, maboga, ndizi, kuku wamefungwa miguu. Irungu akaingia na mwanakondoo kifuani, na watu wakasema "aaah!" Mkewe Muthoni alikuwa kando yake, amevaa kofia mpya.

Aliyeongoza ibada ni mzee Johana. Akasema, "Ndugu Irungu, tueleze baraka hii."

"Ni mali ya jasho langu," Irungu akaanza. "Mama yake nilimnunua Fort Ternan..."

"Mzee Johana, na mimi nina sadaka," Nyathira akasema kutoka nyuma.

Akapita katikati na Kipkosgei nyuma yake. Wakafika mbele. Kipkosgei akaitandika ngozi mezani juu ya mahindi, na Nyathira akamchukua mwanakondoo kutoka kwa Irungu akamsimamisha juu yake.

Rangi ilikuwa moja. Mstari ulikuwa mmoja. Hata mtoto mdogo aliyeketi chini aliona.

"Hii ni ngozi ya kondoo wa marehemu mume wangu," akasema. "Alikufa kwa Kipkosgei, akaniwekea ngozi miaka mitano. Wenzake wanne wako kwa Irungu, na masikio amekata. Mkitaka, twendeni zizini sasa hivi."

"Ni uongo!" Irungu akasema. "Huyu mama nimemlisha mimi! Wewe mwenyewe ulinituma nikachukue, umesahau?"

"Nilikutuma na nini?"

"Na leso yako!"

Hilo ndilo alilokuwa akilingoja. Akaifungua leso ya kijani, akaiinua juu watu wote waione.

"Hii leso ilianguka ndani ya waya, siku ya malori. Ndani ya waya tulikuwa sisi, askari, na gunia. Sisi sote tulibebwa. Sasa waambie watu, Irungu. Uliiokota ukiwa nani?"

Hata kuku walinyamaza.

Irungu akatazama mlango. Kwenye benchi la nne mwanamke mmoja aliyepoteza ndugu wawili siku ile akaanza kulia kwa sauti nyembamba, kisha mwingine, kisha mwingine. Muthoni akavua kofia, akainuka, akaenda kukaa na wanawake wa upande wa pili.

Irungu alitembea hadi mlangoni na hakuna aliyempisha. Alilazimika kujipenyeza. Mwezi haukuisha kabla hajahama Kapsoit, maana hakuna aliyenunua kwake hata sukari ya kijiko.

Na ingeishia hapo, ingekuwa hadithi tamu. Shosho alisimama pale mbele na damu inachemka kwa furaha. Watu walikuwa wakimpigia makofi. Alitamani Charity angeona.

Kisha akamwona Atuti.

Bwana shamba alikuwa ameketi karibu na dirisha. Hakupiga makofi. Alimtazama Kipkosgei, mtu aliyeweka ngozi ya mwenzake miaka mitano, halafu akamtazama Nyathira. Hakufungua mdomo. Alikuwa ameambiwa asimtaje mtu.

Nyathira angenyamaza tu, ingepita. Hakuna mwingine aliyejua. Lakini alijiona vizuri wakati ule, akimimina chai, akisema mimi sijasema kitu. Alijiona ameketi kwenye kile kiti, na matundu mawili ya macho.

"Kipkosgei," akasema, na makofi yakakatika. "Jina lako la chai. Ni mimi nililitoa. Nilidanganya kwamba shamba lako ni kinamasi. Nilifikiri gunia lilikuwa wewe."

Kipkosgei hakukasirika, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Alimshusha mwanakondoo polepole, akaikunja ngozi vizuri, akampa.

"Mimi nilikungoja miaka tano," akasema. "Wewe hungeweza kuniuliza siku moja?"

Akatoka nje.

Atuti alilirudisha jina wiki hiyo hiyo, lakini miche ilikuwa imekwisha, ikabidi kungoja. Kipkosgei alipanda chai mwaka wa 1962, miaka mitatu nyuma ya wenzake. Nyathira alimpelekea kondoo wote aliorudishiwa, akawakataa. Rebeccah ndiye aliyemchukua yule wa jivu. "Huyu nitachukua," akasema. "Huyu hana makosa."

Walisalimiana hadi uzeeni. Chamgei, chamgei mising. Lakini Kipkosgei hakuwahi tena kumwekea kitu, wala kumwachia chake.

Ile ngozi ninayo mimi sasa, iko ukutani sebuleni. Wageni huniuliza kwa nini sinunui picha.

Ukitaka funzo, ni hili, na ni maneno ya Shosho mwenyewe: mtu akikuletea jina la adui yako, kabla hujafanya lolote, vaa viatu, nenda kwa mwenye jina ukamuulize. Irungu alimchukulia kondoo wanne na mtoto. Kisha akamkabidhi gunia, na Shosho wangu akalivaa mwenyewe, bila kulazimishwa na askari.